Spika Moja Ndiyo Nzima

Mazwi, Sumbawanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwanao Leonidas sijambo, ila baridi ya mwezi huu ni kali, na lile sweta ulilonifumia nalivua wakati wa kuoga tu, tena kwa shingo upande. Natumaini nyote hapo Msanzi mko salama na mgongo umeacha kukusumbua. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nasikia simu yako haijazinduka tangu ilipotumbukia kwenye mtungi wa pombe ya ulezi. Fortunata mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma taratibu na usicheke kabla yake.

Mama, habari kubwa ni ya Atusaye, yule binti wa Kinyakyusa niliyekueleza. Alinipeleka kwa baba yake, Mzee Ebenezer, mstaafu wa ofisi ya ardhi, mtu wa miwani na maneno machache. Mzee akaniuliza napenda muziki gani. Nikajibu upesi kwamba napenda jazi. Nilikuwa nawaza yale magitaa ya kwenye redio ya marehemu Baba, zile bendi alizoziita jazi, ambazo ulikuwa ukizicheza huku unapepeta maharage. Kumbe Mzee ana jazi yake nyingine! Uso ukamng'aa, akasema Sumbawanga nzima hajapata mtu wa kuzungumza naye jazi. Akanipa nakala ya flashi aliyoletewa na mwanawe, nikaisikilize, kisha nirudi tusikilize pamoja nimweleze nilichosikia. Atusaye aliponisindikiza getini akanionya kwamba baba yake alishamkataa mwalimu mmoja kwa jambo hilohilo, maana alisifia kila wimbo bila kusikiliza.

Nilipofika chumbani kwangu nikachomeka flashi kwenye sabufa yangu. Mama, hakuna mtu anayeimba! Nilimngoja mwimbaji aingie mpaka ugali ukaungua. Nasikia ngoma zinakwaruzwa na gitaa moja nene linatembea, dung, dung, dung, basi. Na unakumbuka sabufa yangu spika moja tu ndiyo nzima, ile nyingine panya walitafuna waya. Siku za kwanza niliuchukia muziki huo kwa moyo wote. Lakini nilimfikiria Atusaye, nikawa nauwasha kila ninapopika, mpaka nikajikuta dukani nakaza spoku za baiskeli za watu kwa mwendo wa lile gitaa. Nikaanza kuupenda kweli. Gitaa lile halina haraka, linakwenda kama wewe unavyotoka shambani ukiwa umeshiba.

Siku ya siku ikafika. Mama Rose, mkewe Mzee, alikuwa kwaya, nayo ikawa bahati, kwa maana nyumbani mwake ni amri kwamba jazi isikilizwe kwa hedifoni tu. Mzee akafuta vumbi spika mbili kubwa kama makabati, akawasha. Tarumbeta ikanililia sikioni, nikaruka! Nikamwomba Mzee radhi, nikasema jirani amefungulia redio, niende nikamsihi apunguze. Kumbe Mzee naye ameshasimama, anakwenda jikoni kumkataza Atusaye asitwange, eti anasikia dung, dung. Tukakutana uani. Jirani hana redio, na Atusaye ameshika birika la chai anatushangaa.

Ndipo Mzee akazichukua hedifoni zake, akazipigapiga, akagundua kwamba upande mmoja umekufa. Akanieleza kwamba miziki ile ya zamani ilirekodiwa ngoma na besi, yaani lile gitaa nene, upande mmoja, tarumbeta upande wa pili. Siku zote hizo yeye alikuwa anapenda tarumbeta, mimi napenda besi, na kila mmoja akidhani anao wimbo mzima! Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Nami nikamweleza hata habari ya jazi ya Baba. Akasema afadhali mimi niliyetaka kumnyamazisha jirani kuliko yule mwalimu wa kusifia kila wimbo, na kwamba kijana mkweli kama mimi alete wazee wake. Mama, nilitoa machozi mbele ya watu.

Sasa Mama, kaa chini. Katika furaha ile Mzee aliniuliza sikio hili nimelitoa wapi. Sifa za ukweli zikiwa bado za moto, nikamjibu kwamba nimelirithi kwako, kwamba hapo Msanzi hulali bila jazi ya tarumbeta. Ulimi uliniteleza tu. Mzee akasimama tena. Amesema mtakapokuja na mjomba Urbano, mambo ya mahari yatasubiri, kwanza atakaa na wewe mzungumze jazi.

Kwa hiyo nakutumia flashi na sabufa yangu, Fortunata ataiunga kwenye sola. Usimngoje mwimbaji, utaunguza ugali. Utasikia besi tu, nayo ni tamu ukiizoea. Mzee akikuuliza habari za tarumbeta, wewe kohoa.

Nisalimie Mjomba na majirani wote wa hapo. Nakupenda Mama, na safari hii nakuhitaji kweli.

Mwanao,
Leonidas

Fortunata, sasa cheka.