Maua Yako Yalilala Nikiitwa Mwizi

Taban, mchokozi wangu,

Usiniulize habari za nyumbani, nitakwambia mwenyewe, na leo sikuandikii kwa upole. Nimekasirika. Nimemkasirikia mtoto wako, nimeyakasirikia maua yako, na wewe uliyelala hapo chini kama mtu aliyemaliza kazi zake zote, nimekukasirikia zaidi. Hukumaliza, bwana! Kuna neno moja hukumwambia mwanao Juma, na kwa neno hilo mimi, kwa umri huu, na meno haya mawili, nimeitwa mwizi mbele ya watu wa Dranya.

Unakumbuka tuliporudi kutoka ukimbizini Kongo. Mashamba ya baba zetu yalikuwa msitu mtupu. Tulipima kwa miguu, wewe na mimi, na kabla jua halijawa kali tukawa tumekubaliana yako yanaishia wapi na yangu yanaanzia wapi. Ugomvi ulikuja kwenye kitu cha kupanda mpakani. Wewe ukafika na gunia la vitunguu vya lile ua jekundu, lile la mviringo kama mpira, linalotoka ardhini mvua ya kwanza ikipiga, halina hata jani. Ulivichimba kule kwenye mawe ya mto. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikasema tupande mti wa kuzaa, wa njugu, tule.

Ukaniambia, "Mti wa kuzaa kwenye mpaka? Njugu ikianguka upande yangu, utakuja kuomba ao utakuja kuiba?"

Ukaendelea kuhubiri kama umelipwa: "Hii ua hakuna mutu anataka. Mbuzi hakuli, moto anapita juu yake. Hii ndiyo mlinzi."

"Mlinzi gani huyu analala kiangazi chote?" nikakuuliza.

Ulishinda kwa sababu mwili wako ulikuwa mkubwa kuliko wangu, si kwa akili. Tukapanda maua yako. Tukawekeana sharti: jembe lisiguse mstari ule milele, tutapalilia kwa mikono, na yeyote atakayechimba pale, hata kwa kijiti, amejiita mwizi mwenyewe.

Nami kwa hasira nikaenda kwenye kitalu kule Pajulu, nikanunua mche wa makademia, ule mti wa njugu zenye ganda gumu, nikaupanda upande wangu, hatua tatu kutoka kwa maua yako, ili kila asubuhi uuone. Mbuzi wako akala ncha. Ukachipuka, akala tena. Ndiyo maana mpaka leo haujapita urefu wa mlango wa jiko. Ulikuwa ukipita unauamkia: "Habari, kijana uliyekataa kukua?" Ulipozaa, ukasema njugu gani hii, jiwe ndani ya jiwe. Lakini nani aliyekuwa akinivunjia usingizi wa mchana na kukaa kwenye kigoda changu, mdomo wazi, akingoja nimpasulie? Mimi napasua, wewe unakula. Ulikula nyingi kuliko mwenye mti, Taban. Sijasahau.

Sasa sikia mtoto wako alichofanya.

Alikuja kutoka Arua kiangazi hiki, amevaa jezi ya mpira, maana tangu ahamie Onduparaka, kule kwenye timu ya mpira, hana nguo nyingine. Ameshika tepu ya kupimia. Anataka kujenga vyumba vya wapangaji karibu na barabara. Vizuri, ajenge. Lakini akachimba mashimo, akasimamisha nguzo za saruji, na nguzo zake zikauzunguka mti wangu zikaufanya wa kwake! Akaupaka alama ya rangi nyekundu shinani, ya kukatwa.

Nikamfuata. "Mtoto wangu, umepita mpaka."

"Mpaka iko wapi, mzee? Nionyeshe."

Nikaonyesha chini. Taban, chini palikuwa kama kichwa changu, hakuna kilichobaki. Vumbi na nyasi zilizoungua.

"Hapa iko maua," nikasema.

"Maua gani, mzee? Mimi ninaona vumbi."

Mafundi wake wakacheka. Mmoja akasema mzee anapanda maua ya hewa, mwingine akaniita mwizi wa ardhi mbele ya watu wote waliokusanyika. Mimi! Niliyetembea mstari ule wakati yeye hajazaliwa!

Tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Naye akaja akasimama, akatazama vumbi, akatazama viatu vyake. "Mzee Yosia, nani mwingine anajua huu mpaka?" Nikasema Taban. Nikageuka kwa hasira ile ile, nikaita kuelekea nyumbani kwako kwa sauti yote, kama nilivyokuwa nikikuita tukigombana: "Taban! Njoo useme!"

Hata wale mafundi hawakucheka.

Nilisahau, bwana. Kwa kitambo kidogo tu nilisahau kabisa. Nilikuwa nakungoja utokee pale kwenye uzio, unavuta kanzu, unanitukana.

Utauliza kwa nini sikushika jembe nikawachimbulia vitunguu wavione. Sharti lako hilo! Nikichimba, nimejiita mwizi. Tena wangesema nimevizika mwenyewe jana. Mwenyekiti akakata hivi: mti usiguswe mpaka mvua ya kwanza. Ikinyesha, zihesabiwe siku saba. Maua yakitoka, nguzo zinang'oka. Yasipotoka, mti unakatwa, na mzee anaomba msamaha mbele ya watu wote.

Basi nikabeba kiti, nikaenda kukaa chini ya makademia kila siku, mgongo kwenye ile alama nyekundu, maana sikuwaamini wale mafundi. Mke wangu Roda akawa ananiletea chakula kama mfungwa. Na pale kitini ndipo nilipoanza kuogopa, nikiri kwako. Mwaka jana ulikuwa kitandani. Mimi nilikuwa nashinda kwako, hakuna aliyepalilia mstari. Halafu nikasikia Juma alikodi ng'ombe wa kulima. Jembe la ng'ombe linajua sharti gani?

Mvua ikaja. Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, nyasi zikatoka. Ya tatu, ya nne, kila gugu la wilaya ya Koboko likatoa kichwa, isipokuwa maua yako. Ya tano nikainama nikayatukana. Niliyaita mavivu, nikayaita yenye kiburi, nikayaita Taban. Roda akasimama na sahani: "Sasa unatukana udongo?" Nikamwambia udongo unajua nilichosema.

Siku ya sita nilitoka na kiti changu. Nikaona kitu chekundu karibu na mguu wangu, kidogo, kimefungwa kama ngumi. Nikafikiri ni rangi ya mafundi. Nikatazama mbele, kingine. Na kingine. Kufika adhuhuri walikuwa wamesimama mstari mzima, wamenyooka kama askari wa kambi wanaohesabiwa, wanapita katikati ya kiwanja cha Juma, nguzo zile zilizouzunguka mti zote upande wangu! Na mti wangu hatua tatu kutoka kwao, kama siku ile. Jembe la ng'ombe lilikata wawili tu. Hao nimewaona mapengo yao.

Mwenyekiti akatembea mstari mpaka mwisho, akarudi, akasema, "Juma, ng'oa."

Juma hakubisha. Aliyashika yale maua kwa vidole, akasema, "Baba hakuniambia." Akalia, mwanaume mzima na jezi yake. Nilikuwa nimeandaa matusi ya wiki sita, Taban, mazuri, mengine mapya. Badala yake nikamsogezea kiti changu, kwa sababu akilia anakunja midomo kama wewe. Hata hilo umenifanyia makusudi.

Kwa hiyo kosa ni lako. Miaka yote ile ulimfundisha mtoto kupiga mpira, hukupata asubuhi moja ya kumtembeza mpakani?

Na usijivune huko uliko. Mti wangu ulisimama pale mwaka mzima, kila mtu anauona, na haukuweza kunitetea kwa neno moja. Hilo nakubali. Maua yako yalikuja siku chache yakasema yote. Sawa. Lakini hayaliwi! Hilo sitakubali kamwe.

Nilitaka kuchimba kitunguu kimoja nikupandie kaburini. Nikaona haiwezekani, kila kimoja kiko kazini. Ila Juma na mimi tumesemezana. Kabla ya mvua ijayo tutatembea mstari pamoja, na watoto wangu nitawaita nao, tutapalilia kwa mikono na kuziba yale mapengo mawili. Nakuahidi hilo, ili nami nisije nikafanya ujinga wako wa kuondoka bila kusema.

Pumzika, mchokozi. Njugu nimekuwekea pembeni ya kaburi, na nimeshazipasua, maana nakujua. Nikikuta zimekwisha, nitasema ni mbuzi wako.

Mimi jirani yako, ambaye si mwizi,
Yosia