Walinipigia Makofi, Kisha Wakala Zile Mboga

Mpendwa Shangazi Verlene,

Nasoma safu yako ya ushauri gazetini, na leo naomba msaada maana yamenifika hapa kooni. Nina miaka kumi na sita, na kanisa letu hapa Detroit lina bustani kwenye kiwanja palipobomolewa nyumba ya zamani, mboga zake ndizo tunazokula kila Jumapili baada ya ibada, watoto ndio wanaotangulia, sasa mimi nikachukua udongo wa pale nikaupeleka maabara ya chuo ninakojifunza sayansi baada ya shule, majibu yakarudi kwamba una madini ya risasi mara sita ya kiwango salama, nadhani imetoka kwenye rangi ya kale ya nyumba, maana zamani rangi zilitiwa risasi, na risasi huharibu akili za watoto wadogo, basi Mama Earlene, mkuu wa akina mama na wa bustani, akanipa nafasi nisome ripoti yangu mbele ya waumini. Shangazi, kila sentensi wanaitikia, "Sema, binti!" "Pole pole, mwanangu, tupo!" nikitaja risasi, "Amina!" nilipomaliza wakasimama wote wakapiga makofi, Shemasi Rufus akaniambia, "Una sauti tamu wewe, mbona huimbi kwaya?" halafu tukashuka ukumbini na mboga zikapakuliwa zilezile! Nikamwambia Mama Earlene, "Mama, si nimesema sasa hivi?" Akacheka, "Umesema hadi umenitoa machozi. Haya kula, umekonda." Na hapa naona aibu kuandika: nilikula. Nani anarudisha sahani ya Mama Earlene? Mdogo wangu Kori, wa miaka minne, aliniona nakula, naye akaomba aongezwe. Nifanye nini ili wanisikie?

Janessa

Janessa mwanangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimetaka kuvunja kalamu. Nawajua watu hao, ni watu wangu. Mtoto wetu akishika maikrofoni tunamshangilia hata akisoma orodha ya vitu vya dukani. Na huyo Mama Earlene, mwanamke wa umri wake, huenda alikaa miaka mingi kanisani bila kuruhusiwa kuigusa maikrofoni hiyo. Kukuona umesimama pale kulimtosha. Risasi hakuisikia.

Lakini na wewe! Unasimama unasema chakula kina sumu, kisha unakaa unakila, tena mbele ya mtoto. Wakuamini kwa lipi? Sahani ya mama wa kanisa ingenishinda hata mimi nikiwa na umri wako, sikatai. Ila Kori ana miaka minne.

Usiandike ripoti nyingine. Leo hii mwambie mama yako awapeleke wewe na Kori kliniki mkapimwe damu. Jumamosi, kabla mboga hazijachumwa, nenda nyumbani kwa Mama Earlene na karatasi ya maabara, mkae jikoni kwake wawili tu, msome namba moja moja. Mwombe aifunge bustani hadi mpate masanduku ya mbao ya kupandia na udongo mpya. Yeye akisema imefungwa, hakuna shemasi wa kuifungua.

Akikataa, Jumapili panga foleni kama kawaida. Akikupa sahani, irudishe mikononi mwake na useme watu wote wasikie, "Hapana, Mama. Mimi sili, na Kori naye hali." Siku hiyo hakuna atakayekupigia makofi, na hapo ndipo utajua wamekusikia.

Shangazi Verlene