Kwako Baba Watoto, Uliyekuwa Umeacha Pombe

"Mama, yule mumeo kwenye filamu alikuwa anaigiza, au alikuwa amelewa kweli?" Jirani wa mlango wa pili aliniuliza hivyo wiki ile ile ya msiba. Nilimsogezea kiti, nikaenda kupokea wageni wengine. Leo namjibu, nawe ukisikia.

Mwaka umekatika tangu ututoke, Baba Watoto. Watu wanakujua kama Baba Chupa, mlevi wa kwenye skrini aliyewavunja mbavu. Sisi tunakujua kwa mengine. Ulipiga pasi mashati yako mwenyewe huku ukikariri maneno, nami nikikusomea sehemu za wengine, kidole kwenye mstari, maana shule yangu ni ya msingi tu. Hukuniharakisha hata siku moja. Nikisoma maneno ya kimada wako wa kwenye filamu, unacheka: "Mke wangu, nitongoze basi! Mbona kama unasoma tangazo la kifo?"

Pombe ya kweli ilikutesa miaka, na sisi pamoja nawe. Kisha tukapiga magoti, ukaacha. Miezi kumi na minne! Kila siku ya kurekodi nilikuchemshia chai ya rangi, ndiyo uliyoijaza kwenye chupa. Ulevi wote ulikuwa wa miguu na macho yako tu.

Mwongozaji wa filamu akaona haitoshi. Akamwaga chai yangu, akatia pombe kali bila kukuambia, eti uso ushtuke. Ungetema, lakini kamera ilikuwa inakwenda, nawe hukuwahi kuharibu kazi ya watu. Ukameza. Akarudia kuirekodi sehemu hiyo mara saba. Ulifika nyumbani unalia: "Mke wangu, imenirudia." Haikukuachia tena mpaka ini likaisha.

Basi jirani, jibu ndilo hilo. Alilewa kweli, na aliyemlewesha akapewa tuzo.

Namwomba Mungu moyo wa kusamehe. Bado hajanipa, na sitajifanya ninao.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, binti zako wawili, mama yako mzazi, dada yako mkubwa na wakwe zako wote. Hutatoka mioyoni mwetu siku zote tulizobakiza.

Juzi mwongozaji alikuja, akataka jina lake liingie kwenye tangazo hili la kumbukumbu, katikati ya ndugu. "Shemeji, mimi nilikuwa kama mdogo wake."

Nikamsogezea karatasi hii na kalamu. "Haya, shemeji. Andika jina lako, na pembeni uandike ulichomnywesha."

Aliishika kalamu. Akaitazama karatasi. Akaiweka kalamu chini, akainuka, akatoka.