Kipupwe Bila Sukari

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya nne bila sukari. Nimewasha jiko la mkaa, nimebandika sufuria ya familia: maji, maziwa, majani, sukari humohumo kama siku zote. Baada yake birika langu dogo. Maji na majani, basi. Nimekunywa. Kama maji ya kusuuzia vyombo, ila ya moto.

Baridi ya Tunduma imeshafika, ile ya kung'ata masikio. Foleni ya malori ya mpakani imefika hadi kijiji cha Mpemba. Madereva wamejifunika mablanketi, kila mmoja na kikombe chake chenye sukari. Nimewaonea wivu mpaka nikakasirika.

Daktari alisema wazi. Nikirudi mwanzoni mwa Septemba sukari ya mwili haijashuka, tunaanza sindano, kila siku. Dawa nameza, ugali nimepunguza, natembea kwa miguu kwenda sokoni. Kimebaki kikombe. Mimi sindano siwezi. Nimezaa watoto wanne bila kupiga kelele, lakini nikiona sindano natafuta mlango.

Vijiko vitano kwa kikombe, miaka thelathini. Nimlaumu nani?

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimeiba. Baba Faraja alikuwa anaoga. Nikafungua kopo, nikalamba kijiko kizima cha sukari kama mbuzi aliyeona chumvi. Nimejichukia siku nzima.

Sokoni nikamwambia Mama Salma, jirani yangu wa meza ya vitenge. Mtu wa Kondoa. Siri anatunza, huruma hana. Alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo wa mteja. Halafu akatoa iliki kwenye mkoba, akanijazia kiganja. "Shoga, wewe chai hujawahi kunywa. Umekuwa unakunywa sukari."

Nilinuna. Iliki nikachukua.

Alhamisi, 12 Juni

Ukungu mpaka saa tatu. Nimegundua kosa langu.

Zamani nilikuwa naacha majani yachemke mpaka yakome. Uchungu ukizidi, sukari inafunika. Sasa hakuna wa kufunika. Leo maji yalipochemka nikaepua, ndipo nikatia majani, nikafunika, nikahesabu mpaka mia mbili. Iliki mbili nimezitwanga. Rangi ikatoka nyekundu safi, unaona mpaka chini ya kikombe.

Nimekunywa vikombe vitatu. Vitatu! Na hakuna aliyenishikia fimbo.

Jumapili, 22 Juni

Nimewashinda wote nyumbani. Niandike vizuri nisije nikasahau.

Baada ya ibada Baba Faraja alianza utani wake, eti mke wake sasa anakunywa dawa ya mifugo na kujidai anasikia ladha. Nikamwambia anijaribu. Wakanifunga kitenge machoni. Faraja akaleta vikombe vinne, havina viungo. Cha kwanza nikasema haya ni majani ya Tukuyu niliyotumiwa na dada. Sawa. Cha pili ya dukani, ya vumbi. Sawa. Cha tatu yale niliyonunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Sawa. Cha nne nikanusa tu. Nikasema hiki ni kiporo cha asubuhi mmekipasha moto, na aliyekipasha ni Baba Faraja, maana kimeungua.

Faraja alipiga vigelegele. Baba yake akaenda kukaa nje kwenye baridi.

Nina miaka hamsini na minne, na nimepata ulimi mpya.

Jumanne, 1 Julai

Asubuhi tangawizi, maana mwili unakuwa mzito. Sokoni saa nne, mdalasini na karafuu moja. Moja tu. Mbili zinageuza chai kuwa dawa ya jino. Jioni mchaichai wa kwenye uzio, pamoja na majani kidogo ya Tukuyu. Huo ndio ufalme wangu. Sina hamu ya kopo tena, au tuseme hamu imebaki kidogo tu.

Lakini leo habari imekuja. Wakwe watarajiwa wametualika Ruanda, kijiji cha hapa hapa mkoani, tarehe kumi na tisa tukapaone nyumbani kwao, kabla ya kupanga mahari. Faraja anaimba nyumba nzima. Elia wake ni kijana mzuri, mwalimu, hana makuu. Nimefurahi. Kisha nikaingiwa na woga.

Kule watanipa chai. Itakuwa imeshatiwa sukari.

Kuikataa ni matusi. Kusema ukweli ni kubaya zaidi. Watu huulizana kwanza ukoo ule una ugonjwa gani, na shangazi yake Elia nasikia anauliza mpaka marehemu walikufa na nini. Wakijua mama ana kisukari watasema na binti anakuja nacho. Nje ya nyumba hii anajua Mama Salma tu.

Jumatano, 9 Julai

Baba Faraja anasema ninywe tu, siku moja haiui. Namjua mtu anayeitwa siku moja. Pasaka ya mwaka jana nilisema siku moja, nikaamka Krismasi.

Nimeamua. Nitabeba chupa yangu ndogo ndani ya pochi. Nikipata nafasi namimina kimyakimya, nani atajua? Akili ni nywele.

Jumamosi, 19 Julai

Aibu. Aibu. Aibu.

Walitupokea vizuri mno. Uwanja mzima umeanikwa kahawa, lakini kahawa kwao ni ya kuuza, mgeni anapewa chai. Ya maziwa, nzito, utamu wake unausikia kwa pua. Shangazi alinimiminia kikombe mpaka juu. Nikangoja wageuke. Hawakugeuka. Mwisho nikatoa chupa yangu, nikasema kwa kucheka kwamba mimi nimezoea ya kwangu.

Shangazi akaweka birika chini polepole. "Mama Faraja, kwani chai yetu ina nini?"

Hapo ndipo akili iliponijia. Kwenda na kinywaji chako kwa wakwe maana yake unaogopa kulishwa kitu. Hata mtoto anajua. Mimi wiki mbili nimewaza sukari tu, neno sumu halikunipita kichwani.

Nikaona uso wa Faraja. Nikasimama. Nikawaambia: nina kisukari, nimekatazwa, nimeona haya kusema kwa sababu ya binti yangu, naomba radhi. Baba Faraja alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wakasema pole mama. Shangazi akauliza kama marehemu mama yangu naye alikuwa nacho. Nikasema ndiyo. Bibi yake Elia, aliyejitanda mashuka mawili pale kwenye kona, alikuwa anaitazama chupa yangu tu.

Wametusindikiza mpaka barabarani. Mahari haikutajwa. "Tutawajulisha."

Jumapili, 20 Julai

Faraja hasemi na mimi. Ana haki.

Ijumaa, 25 Julai

Kimya kutoka Ruanda. Elia anapiga simu, lakini anaongea kwa mafumbo, mara shangazi, mara kikao. Mama Salma anasema nivute subira. Nimemwambia subira aivute yeye, kitenge chake hakijachanika.

Jioni nimesimama jikoni na kopo la sukari mkononi. Kama posa imeshakufa, najinyima kwa ajili ya nani? Kijiko kilikuwa kimeshajaa. Nikasikia harufu ya mchaichai kutoka kwenye birika. Nikarudisha kijiko kwenye kopo, nikafunika.

Nilikunywa nikilia. Na ilikuwa tamu, hilo siwezi kuficha.

Jumamosi, 2 Agosti

Leo naandika huku nacheka.

Saa nne bodaboda ikasimama mlangoni. Akashuka bibi yake Elia. Peke yake, mashuka yake mawili, kikapu mkononi. Amepanda gari kutoka Ruanda bila kumuaga mtu. Nikapiga goti kumwamkia. Akaitikia, akaketi, akatoa kwenye kikapu chupa ya chai tupu, akaiweka mezani.

"Mwanangu, nipikie ile yako."

Nikapika. Tangawizi kwanza, kisha iliki. Alikunywa kikombe kizima, akaongeza. Ndipo akasema. Naye anacho. Mwaka wa sita. Hospitali walimkataza, lakini kila mgeni akiingia naye anamiminiwa kikombe chenye sukari, na yeye anaona haya kukataa mbele ya wakamwana. Anakunywa sukari kwa aibu. Mguu wa kushoto umeanza kufa ganzi. Nyumbani kwake hakuna aliyejua mpaka usiku ule tulipoondoka, alipowaambia.

"Shangazi yake Elia alikuwa anasema tusioe kwenye ugonjwa. Nikamwambia ugonjwa tunao wenyewe, ila msema kweli hatuna. Tukachukue huko."

Faraja alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Akaja akanikumbatia kwa nguvu, kikombe kikanimwagikia, na sikujali.

Bibi ameondoka na chupa imejaa, na mche wa mchaichai umefungwa kwenye gazeti. Mshenga anakuja wiki ijayo.

Nilicheza jikoni peke yangu. Hata Baba Faraja ameomba kikombe cha rangi. Amekunywa, amekunja uso, amemaliza.

Jumatatu, 1 Septemba

Imeshuka!

Daktari aliangalia karatasi mara mbili. Dawa naendelea, kupima naendelea. Sindano hakuna. HAKUNA. Nimetoka mle ndani natembea kama bwana afya. Akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia nimejifunza kunywa chai. Alidhani natania.

Nimepita kwa Mama Salma. Ameniambia alijua tangu mwanzo. Mwongo mkubwa. Nimemnunulia maandazi, yeye, siyo mimi.

Jumapili, 7 Septemba

Baridi imekatika. Asubuhi nimetoka bila sweta. Vumbi limeanza.

Mahari imepangwa jana, bila kelele. Shangazi alikuja, na hakuuliza kuhusu marehemu hata mmoja. Chai nilipika mwenyewe, sufuria moja, ya rangi, mdalasini na iliki. Sukari niliiweka kwenye bakuli katikati ya meza, na kijiko chake. Kila mtu ajitilie. Bibi alilisogeza bakuli upande wa pili bila kuliangalia.

Leo baada ya kanisa tumekaa nyuma ya nyumba. Faraja akaleta chupa na vikombe viwili. Alinimiminia mimi, akajimiminia yeye. Bakuli aliliacha ndani.