Vikombe vya Zamu Yako

Chantal, masheri wangu mpenzi,

Kwanza unijibu hili, salamu zitafuata: vikombe vilikuwa vya nini?

Nakuuliza wewe kwa sababu wengine wote nimeshawauliza. Mume wako aliniangalia tu, akarudi kutazama mlango. Mama Jules alisema niwaache wafu wapumzike. Kavira akisikia neno kikombe analia, basi kwake nimelifuta. Umebaki wewe, na wewe uko kimya, tabia ambayo hukuwa nayo hata kanisani.

Unakumbuka Alhamisi ile, sokoni Birere, kwenye meza yako ya sambaza, vile visamaki vya ziwani? Au nyinyi huko mnasahau? Hata hilo silijui. Ulikuwa unafukuza nzi kwa kipande cha katoni, ukasema: “Siku ya Mungu ni zamu yangu. Kila mutu akuje na kikombe yake. Musiniulize, mutashangaa tu.” Nikakuuliza hata hivyo, ukanirushia sambaza moja kichwani, nikaondoka na harufu yake mpaka darasani. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Jumamosi uliamka kichwa kinakuuma, na kabla ya saa sita presha ikakumaliza. Kweli tulishangaa, Chantal.

Jumapili tukaja kwako kulia. Nyumba ilijaa, chai ikaanza kupita, vikombe vya majirani havikutosha. Kavira akafungua mkoba atafute kitambaa cha kujifuta machozi, akatoa kikombe. Kile chake cha bati, cha bluu. Alikuwa amekitia mapema asije akasahau zamu yako. Mimi nami nilikuwa nacho mkobani. Mama Jules vilevile. Tulitazamana sisi watatu. Mwenye birika akafika, akatumiminia. Tukanywa chai ya kilio chako kwa vikombe ulivyotuagiza wewe mwenyewe.

Tangu siku ile sina usingizi mzuri. Ulijua? Daktari alikuwa amekuambia kitu, ukakaa nacho, ukacheka na sisi kama kawaida? Kama ulijua na hukuniambia mimi, niliyeketi nawe dawati moja tangu darasa la kwanza, basi nimekasirika, na marehemu hakasirikiwi, sasa sijui hasira hii niipeleke wapi. Kama hukujua, vikombe vilikuwa vya nini?

Ngoja nikuambie hali ilivyo, maana imekuwa fujo.

Unajua mwanzo wetu. Likelemba ya feza ilitushinda. Kila mmoja alitakiwa kuchanga ili mmoja ale kwa zamu, na ikawa hakuna wa kuchanga wala wa kula. Mama Jules alitaka tuvunje kikundi. Wewe ukasema tusivunje, tubadilishe: tuchange raha. Kila mwezi mmoja wetu awapeleke wenzake mahali, na gharama isipite fungu moja la mboga ya lengalenga. Ukaongeza sheria yako: “Kitu ya bure inaombaka nguo muzuri.” Ndiyo maana tulikuwa tunatoka mtaani kwetu Murara na vitenge vya Pasaka, majirani wakidhani tunaenda kwa gavana, kumbe tunaenda kusimama kando ya ukuta wa uwanja wa ndege.

Ile ya ndege ndiyo niliipenda kuliko zote. Kila mmoja alichagua ndege yake. Mimi na Kavira siku zote tulikuwa tunapanda, tunaenda Kinshasa, tunaenda Ulaya. Wewe ulikuwa unashuka. Ulisema umeshazunguka dunia, umechoka, umerudi kuona jamaa zako, na uliteremka ngazi zisizokuwepo ukitupungia mkono kama mke wa waziri. Watu walisimama barabarani kukutazama.

Na ile ya arusi! Tulikwenda nje ya kanisa kuhukumu magauni, na magauni yakatuvuta mpaka kwenye ukumbi. Mzee wa mlangoni akauliza: “Muko jamaa ya nani?” Wewe ukajibu bila kutikisika: “Ya Chantal.” Mzee akafikiri kidogo, akatupisha. Tukakaa, tukala mandazi, tukapigwa picha. Mpaka leo tumo katika albamu ya watu tusiowajua. Njia nzima ya kurudi Mama Jules alikugombeza, kwamba umetuingiza katika dhambi, umesema uongo jirani na kanisa. Ukamwambia kwamba Goma hakuna jamaa isiyo na Chantal wake. Kisha ukasimama katikati ya barabara, ukamuuliza: “Na uongo iko wapi? Hamuko jamaa yangu?” Akanyamaza. Mama Jules kunyamaza si jambo dogo.

Sasa ndege hazishuki tena, kama ulivyoacha. Uwanja umefungwa kwa ajili ya vita, majani yanaota pale tulipokuwa tunasimama. Benki zimefungwa, mshahara wa mwalimu umekuwa hadithi, nafundisha kwa kile wazazi wanachoweza kuleta, siku nyingine ni viazi. Mama Jules bado anauza makala, makaa ya kupikia, lakini anasema wanunuzi wanaomba bei kama waliotukanwa. Kavira anashona viraka kuliko nguo. Unaona kwamba hata fungu la lengalenga siku hizi tunalifikiria mara mbili.

Na mimi nilikuahidi. Siku ya kukuzika, watu walipokuwa wanatupa udongo, niliinama nikakuambia: “Zamu yako nitaifanya mimi.” Sijui nani aliniwekea maneno hayo kinywani. Kavira alinisikia. Mama Jules naye alinisikia, akaniambia palepale kaburini kwamba zamu ya mfu hufutwa, na kwamba watatu hawaitwi kikundi, wanaitwa wapitanjia. Alisema tukishindwa Jumapili ya zamu hiyo, yeye amemaliza na kikundi. Hasemi kwa ubaya. Nadhani anatafuta ruhusa ya kukaa nyumbani na kukulilia, na mimi namnyima.

Basi nikaanza kutafuta mpango wako. Zamu zako zote zilikuwa nzuri, na tulijua unazipanga wiki nzima. Nikasema nikiupata mpango, nitaufuata kama ulivyo. Nikazunguka Birere na swali langu. Mama anayechoma mahindi alisema ulikuwa unazungumzia maziwa. Nikaenda kwa muuza maziwa wa Masisi, akasema hajakuona tangu mvua kubwa. Kondakta mmoja akaapa kwamba ulikuwa unaangalia upande wa ziwa. Chantal, nani mjini hapa haangalii upande wa ziwa? Nikaenda hata hivyo, peke yangu, na kikombe, labda nikifika mwili utanielewesha. Nilisimama pale nikitazama maji, kikombe mkononi. Mama mmoja wa heshima akapita, akanihurumia, akanitilia noti ndani yake. Mimi, mwalimu! Nilitaka kumkimbilia nimrudishie, nikawakumbuka watoto. Nilinunua lengalenga. Fungu moja, kipimo chetu kilekile. Tulikula nyumbani, na nilicheka mezani mpaka nikalia, watoto wangu wakaacha kula.

Naacha hapa. Kesho ni Jumapili yako na bado sijui.

*

Naendelea. Leo ni Jumatatu, mikono yangu ina malengelenge, soma polepole.

Asubuhi ya jana nilivaa kiatu kimoja, nikakaa kitandani na cha pili mkononi. Nilikuwa nimeamua kuwaambia ukweli: sina mahali, kikundi kimekufa, Mama Jules ameshinda. Hodi ikapigwa. Alikuwa Aline wako. Amevaa kitenge chako cha njano, amekaza kiuno kwa pini kwa sababu hajakufikia unene, na mkononi ana kikombe chako, kile chenye sikio lililovunjika. Chantal, ana namna yako ya kuegemea mlango. Ilibidi nitazame pembeni.

Nikamwambia: Aline, unisamehe, nimetafuta kila mahali, sijui mama yako alitaka kutupeleka wapi.

Akashangaa. Akaniambia: “Mama mudogo, hata yeye hakujuaka.”

Sikuelewa. Akanieleza kwamba kila asubuhi ya zamu yako ulizunguka uani na kiatu kimoja ukisema: “Yezu wangu, leo nitabapeleka wapi?” Kila zamu! Ya ndege, ulisikia ndege ikipita ulipokuwa unafunga kitambaa. Ya arusi, ulisikia kengele. Hukupanga hata siku moja. Nikamuuliza, na vikombe? Akacheka, akaweka mkono kiunoni kama wewe. Alisema alikuuliza swali hilohilo Ijumaa ulipokuwa unaosha sambaza, ukamjibu: “Batu bane bakitokea na vikombe, hakukosake mutu wa kumimina kitu.”

Ni hilo tu?

Ni hilo tu.

Nilikaa chini. Ningekuwa na wewe karibu ningekupiga na kile kiatu. Siku zote hizo nimekuwa nikidhani uliona kifo kinakuja ukatuandalia vyombo vya kunywea kilio chako, kumbe ulikuwa huna kitu kichwani! Ulikuwa umepotea kama mimi. Hukunificha neno. Ulikuwa tu na ujasiri wa kutuambia tutashangaa, wakati wewe mwenyewe ndiwe wa kwanza kusubiri kushangaa. Nilifurahi, nikaumia, nikakasirika tena. Nikavaa kiatu cha pili.

Kavira na Mama Jules walikuwa wanangoja nje. Mama Jules alikuwa na kitenge chake cha dhahabu na uso wa mahakama. Akauliza tunaenda wapi. Nikasema kwa sauti: “Yezu wangu, leo nitabapeleka wapi?” Kisha nikashika barabara ya kupanda, ile ya Kanyaruchinya, kwa sababu upande wa kushuka kulikuwa na tope.

Tulitembea sana. Mama Jules alilalamika kuhusu viatu, vumbi na ujinga wangu, kwa mpangilio huo, halafu akarudia. Juu kule tulikuta jamaa moja iliyokimbia vita ikarudi kwao, wanainua nyumba upya, iliyobaki ni msingi tu. Ndugu na majirani wamepanga mstari kutoka barabarani, wanapitishiana mawe ya volkano mkono kwa mkono, wanaimba, na kwenye kivuli cha ukuta kuna dumu, yaani bidoni, la musururu, ile pombe nyepesi ya mtama. Tulisimama kutazama. Kweli tulipendeza, wanawake wanne wa vitenge, kila mmoja na kikombe chake, kama wajumbe waliotumwa kuja kunywa.

Bibi mwenye bidoni akatukagua kuanzia viatu mpaka vilemba. Akauliza: “Ba mama, muko jamaa ya nani?”

Nilimtazama Kavira. Kavira akaangalia chini. Na hapo, Chantal, Mama Jules, yuleyule wa dhambi na uongo jirani na kanisa, akapiga hatua mbele, akainua kidevu, akasema: “Tuko jamaa ya Chantal.”

Sauti ilimkatika katikati ya jina lako, lakini alilimaliza.

Yule bibi akatafuta kichwani mwake. Uso ukafunguka. “Aa, Chantal! Si museme! Muingie basi.” Akatumiminia. Kikombe cha Aline akakijaza mpaka juu, akisema anafanana naye. Anafanana na nani, Mungu anajua. Mama Jules akageuka ukutani na mabega yake yakawa yanatikisika, na mpaka leo hii sijui kama alikuwa analia au anacheka. Mimi pia sikuweza kujua langu lilikuwa lipi.

Tukaingia mstarini na vitenge vya Pasaka. Mawe yale yanakwaruza, hayana huruma. Kavira alirarua mkono wa blauzi, akasema atashona. Tulipitisha mawe na kuimba mpaka ukuta ukafika kiunoni, tukapewa musururu tena na viazi vya moto, na tulipoondoka yule bibi alituambia tumsalimie Chantal sana, tumwambie asipotee.

Basi nakusalimia. Amesema usipotee.

Bado sielewi mambo mengi. Sielewi inakuwaje nimecheka hivyo na udongo wa kaburi lako haujakaa vizuri. Sielewi ningekuwa wapi jana kama Aline asingepiga hodi. Njiani Mama Jules alisema, kama mtu anayezungumzia bei ya makala, kwamba zamu inayofuata ni yake na tusichelewe.

Zamu yako haifutwi, masheri. Aline ameketi mahali pako, lakini jina linabaki lako. Nakuahidi kwamba ikifika, sitapanga kitu. Nitazunguka uani na kiatu kimoja, nitamuuliza Yezu, nitachukua kikombe, nitatoka. Pumzika. Na siku ukisikia mtu mlangoni anatuuliza sisi ni jamaa ya nani, usiwe na wasiwasi, jibu tunalo.

Riziki wako