Aimable Alichagua Taji

Kamembe, Jumapili

Yaya Kamikazi, dada yangu mkubwa,

Huku tuko salama, migomba ya kule shambani Gashonga imebeba vizuri.

Jana mchumba wangu Aimable alimaliza mchezo wake wa kompyuta. Miezi mitatu, mhusika mmoja, mganga wa kike, alisafiri naye humo akimponya majeraha. Mwishoni akaambiwa achague taji au uhai wa mganga. Alibonyeza taji papo hapo, akacheka mganga akiungua.

"Unacheka?" nilimuuliza.

"Ni mchezo tu, Jose. Ile haiko muntu."

Yaya, alicheka hivyo hivyo aliponisimulia alivyomwacha mdogo wake mgonjwa njiani, walipokimbia vita vya Bukavu. Siku ile nilijifanya sikusikia.

Leo nimemrudishia pete. Nimenawa mikono mara tatu, na bado naona kinyaa.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Joselyne