Kwa Mama Marga Bodenheimer, Aliyekataa Kukatiza

Mwaka umetimia, Mama, tangu wakutoe nyumbani juu ya machela, na bado hatujazoea kuona kiti chako kitupu Ijumaa jioni.

Mkate wa Ijumaa tunauoka bado, ule wa viazi wenye mbegu za mpopi juu, ila binti yako Evi anakiri kwamba hauumuki kama wako. Jochen, mkweo aliyezoea kukutania mezani, anaula hivyo hivyo hadi makombo.

Ulikuwa mkali wa maneno na mwepesi wa mkono. Uliwashonea nguo nusu ya watu wa mji huu, pini zimejaa mdomoni, na bado uliweza kugombana nao. Hakuna jirani aliyeugua pale mtaani kwetu Gerbergasse bila kuletewa supu yako, hata wale ambao baba zao ulikuwa na kila sababu ya kuwachukia.

Lakini zaidi ya yote tunakukumbuka ukizunguka.

Nyuma ya nyumba yetu pana maegesho ya magari ya dukani. Kabla ya hapo palikuwa ghala la makaa ya mawe, na kabla ya makaa palikuwa sinagogi, iliyojengwa na wachuuzi wa ng'ombe na wauza mvinyo, babu yako akiwa mmoja wao. Ulikuwa mtoto wa miaka sita usiku ule wa Novemba, kabla ya vita, wenye chuki na Wayahudi wa mji huu walipoitia moto. Ulisimama dirishani ukawaona wazimamoto wakimwagia maji mapaa ya majirani, sinagogi wakaiacha iungue. Kuta zilizobaki zikabomolewa, mawe yakaenda kujengea mabanda ya watu. Vita vilipokwisha, katika ukoo mzima mlirudi hai wewe na mama yako tu.

Sheria yetu Wayahudi inasema sinagogi haifanywi njia ya mkato, hata ikibaki gofu. Basi wewe hukukatiza. Kwenye mvua, kwenye theluji, na kikapu mkononi, baadaye na fimbo, ulizunguka maegesho yote ndipo ufike dukani.

"Mama, ile si lami tu?" Jochen alikutania. "Au unaogopa kuchafua viatu?"

"Wewe kula viazi vyako, mkwe wangu. Sinagogi waliivunja wao. Mimi sijaivunja."

Siku moyo ulipokushika, uchochoro wetu ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya mabomba. Gari la wagonjwa likasimama ng'ambo ya maegesho, na wahudumu wakaja mbio na machela.

"Zungukeni," ukawaambia.

"Bibi, hatuna muda wa kuzunguka."

"Muda ni wangu. Zungukeni, nimesema!"

"Tukizunguka utatufia njiani, Bibi."

"Basi nife nimezunguka."

Ukatugeukia sisi. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba kuokoa uhai kunatangulia kila sheria, sasa tungesema nini? Kuwazuia ni kukuua. Kuwaachia ni kukunyang'anya kitu ulichokilinda maisha yako yote. Tuliishia kushika pembe za blanketi lako, tukikimbia kando. Magurudumu yakakatiza katikati ya magari na vitoroli, na wewe ukafunika macho kwa viganja vyote viwili, kama ulivyozoea kufanya ukiwasha mishumaa ya Sabato. Hukuyafunua tena mbele yetu.

Hospitali walisema ulifika umechelewa. Njia ile ya mkato haikutuokolea chochote, Mama.

Mwaka mzima tumeulizana tungefanyaje. Rabi wa mji wa jirani anasema tulifanya sawa. Tunamwamini, na bado haitusaidii.

Siku hizi Jochen anazunguka. Hakumwambia mtu. Juzi Noemi, mjukuu wako, alimwona kwenye mvua kubwa, amebeba kreti ya maji begani, na jirani anamwita kutoka garini: "Jochen, umerukwa na akili? Si upite hapa!" Alitikisa kichwa tu, akaendelea na ukingo wa maegesho, analia waziwazi.

Tunaokukumbuka ni binti yako Evi, mkweo Jochen, mjukuu wako Noemi, na majirani wa Gerbergasse waliokunywa supu yako. Mshumaa wako unawaka kwenye dirisha la nyuma. Hatutakusahau kamwe, na kwa miguu yetu wenyewe hatutakatiza.